Madoa Mangapi?

Shangazi yangu amepigwa picha za ini mara nyingi kiasi kwamba siku hizi akishalala kitandani anazuia pumzi kabla hajaambiwa. Picha ikitoka, swali lake kuhusu madoa ya saratani ni lile lile: "Mangapi leo?" Anauliza kama anayeuliza bei ya nyanya gengeni, na jibu limekuwa likibadilika kama bei ya nyanya. Ultrasaundi, picha ya mawimbi ya sauti, ilisema sifuri. CT, ile ya miale ya eksirei kutoka pande zote, ikasema matatu. MRI, ile ya sumaku, ikasema manne, tena si yale matatu ukaongeza moja. Moja lilifutwa, mawili mapya yakaingia. Ini ni lile lile, mwenye ini ni yule yule, na kati ya picha ya kwanza na ya tatu hazikupita wiki tano.

Ile sifuri ni yangu. Mimi ndiye niliyeshika probu, kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya tumbo.

Nimesomea mionzi, nikaajiriwa katika hospitali ya mkoani ambayo sitaitaja, na kazi yangu ya kila siku ni ultrasaundi: mimba, figo, tezi dume, mimba, ini, mimba. Shangazi alikuja kutoka Korogwe mwezi wa Februari na barua ya rufaa iliyokunjwa mara nne ndani ya pochi ya simu. Kwa miezi minane alikuwa anaona damu chooni. Akaambiwa bawasiri, akanunua dawa za bawasiri, na kila jioni akakaa kwenye beseni la maji ya chumvi. Viganja vilipopauka mpaka vikawa vyeupe, ndipo mtu akaagiza kolonoskopi, ile kamera ya kuchungulia utumbo mpana. Uvimbe ulikuwa kwenye utumbo mpana upande wa kushoto, umeziba zaidi ya nusu ya njia. Biopsi, yaani kipande kilichonyofolewa kupimwa maabara, ikarudi na neno ambalo kwetu hadi leo watu hulitaja kwa kushusha sauti.

Ukishajua kuna saratani kwenye utumbo mpana, kitu cha pili kuulizia ni ini. Damu inayotoka utumboni hairudi moyoni moja kwa moja. Inakusanywa na mshipa mkubwa, vena ya porta, na kupelekwa kwenye ini kwanza ili kilicholiwa kichujwe. Chembe ya saratani ikichomoka utumboni, kituo chake cha kwanza ni hapo, kama basi la Korogwe kwenda Dar linavyopita Segera utake usitake. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani hii, 15 hadi 25 hukutwa siku ile ile ya kugundulika kwamba imeshafika kwenye ini. Zamani hiyo ilikuwa hukumu. Siku hizi, madoa yakiwa machache na yako mahali panapokatika, daktari wa upasuaji anaweza kuyatoa na mgonjwa akaishi miaka mingi, wengine wakapona kabisa. Kwa hiyo idadi yake na mahali yalipo ndiyo mambo yanayoamua mgonjwa apelekwe chumba cha upasuaji au aanze kuzungumziwa kutuliza maumivu.

Siku ile nilizima taa, nikampaka jeli.

"Baridi hiyo, mwanangu. Hamna hata ya moto?"

"Vumilia shangazi. Vuta pumzi. Zuia."

Shangazi ni mtu wa mwili, na ana kisukari cha miaka kumi na tatu. Ini lake limejaa mafuta. Ini la namna hiyo hung'aa sehemu ya juu na kufifia kadiri unavyokwenda chini, kwa sababu mafuta yanatawanya sauti kabla haijafika ndani. Ni kama kuwasha tochi kwenye ukungu wa Lushoto, unachokiona vizuri ni ukungu wenyewe. Halafu kuna ile sehemu ya juu kabisa ya ini, chini ya kiwambo cha pumzi, iliyojificha nyuma ya mbavu na pafu. Sauti haipiti kwenye hewa. Unamgeuza mgonjwa ubavu, unamwambia avute pumzi ili ini lishuke, unapenyeza probu katikati ya mbavu mbili na kuangalia kwa pembe. Nilimgeuza, nikapenyeza, nikaangalia karibu nusu saa, muda ambao foleni ya nje isingeniruhusu kumpa mtu asiye ndugu. Nikaandika: ini lina mafuta, hakuna uvimbe ulioonekana.

Naomba msomaji alitazame neno "ulioonekana". Mimi nililiweka kwa makusudi, kama tunavyofundishwa. Shangazi hakulisikia. Alisikia "hakuna". Kabla hajafika stendi alikuwa ameshampigia mjomba, na mjomba ameshaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba ini zima kabisa, Alhamdulillahi, na watu thelathini na kitu wameshaitikia. Mimi mwenyewe nilimo kwenye kundi hilo. Nikaona ujumbe, nikaweka simu mfukoni. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko kutoyaona madoa, maana kutoyaona ni mashine na mafuta, lakini kunyamaza kulikuwa ni mimi.

Nilikuwa nazijua takwimu. Mwaka 2002 Karen Kinkel na wenzake walichapisha kwenye jarida la Radiology mjumuisho wa tafiti nyingi zilizolinganisha njia nne za kutafuta saratani iliyosambaa kwenye ini kutoka kwenye njia ya chakula. Waliweka sharti kwamba kila njia isiwe inazusha mno, yaani umahususi wake usipungue asilimia 85, kisha wakauliza kila moja inanasa kiasi gani. Ultrasaundi asilimia 55, CT 72, MRI 76, na PET, ile picha ya sukari yenye mionzi nitakayoifikia mbele, 90. Chuoni niliikariri orodha hiyo kwa ajili ya mtihani. Hamsini na tano! Nikirusha sarafu ya shilingi mia hewani sipishani nayo sana, nikawaza baadaye, ingawa si sawa kabisa. Sarafu haiwezi kusema "kipo" kwa uhakika, na ultrasaundi ikisema kipo, mara nyingi kipo.

Nisiitukane mashine inayonilisha. Inabebeka, haina mionzi, na iko hadi kwenye vituo vya afya ambako mgonjwa angengoja miezi kufika penye CT. Sindano ya biopsi ya ini karibu wote huichoma wakiongozwa nayo. Nchi nyingine huchanganya ultrasaundi na dawa ya viputo vidogo vya gesi inayochomwa kwenye mshipa, na hapo uwezo wake hupanda sana, kwa sababu baada ya dakika chache viputo hubaki kwenye ini zima na kutoweka kwenye doa. Mimi dawa hiyo sijawahi kuishika. Nikipewa kesho nitafurahi kama mtoto.

Daktari wa upasuaji, bahati njema, hakusoma kundi la WhatsApp. Aliisoma ripoti, akasema sawa, tunahitaji CT, yenye kontrasti, yaani dawa ya kung'arisha picha, kifua na tumbo.

Hapo kwenye "yenye kontrasti" nikae kidogo. Wiki haipiti bila mtu kuniletea bahasha kubwa yenye filamu za CT ya tumbo iliyopigwa bila dawa, ama kwa sababu dawa inalipiwa kando, ama kwa sababu aliyeandika fomu hakuandika. Kwa swali la saratani kwenye ini, picha hiyo ni kijivu ndani ya kijivu. Ini linapata damu kwa njia mbili: karibu robo tatu huletwa na ile vena ya porta, robo iliyobaki na ateri. Seli za kawaida za ini zinanywa zaidi kwenye vena. Doa la saratani likiota halijali utaratibu, linajivutia mrija wake kutoka kwenye ateri, kama jirani anayejiunganishia maji usiku. Tofauti hiyo ya mabomba ndiyo tunayoipiga picha. Dawa yenye ayodini inasukumwa mkononi. Sekunde kama 35 baadaye imefika kwa wingi kupitia ateri, sekunde kama 70 imefika kupitia vena. Kwenye picha ya sekunde ya 70 ini lote limeshiba dawa na kung'aa, na madoa yaliyotoka utumboni yamebaki meusi. Yapo ya tabia nyingine, kwa mfano yaliyotoka kwenye figo au tezi la shingo, yanayokunywa ateri kwa pupa. Hayo hung'aa kwenye sekunde ya 35, na ukichelewa yanajichanganya na ini usiyaone. Kwa hiyo ukimpeleka mgonjwa CT, fomu iseme saratani ilianzia wapi. Neno moja hilo hubadilisha saa ya kubonyeza kitufe.

Tulipanda basi la alfajiri, tukashuka Mbezi saa nane mchana, tukalala Mbagala kwa binti yake. Kesho yake wakapima kreatinini kwanza, maana mwenye kisukari figo zake haziaminiki, wakamwambia dawa yake ya kisukari, metformini, aisimamishe kidogo. Kanula ikawekwa mkono wa kulia. Nilikuwa nimemwonya kwamba dawa ikiingia atahisi joto likishuka kutoka kooni mpaka kwenye kinena, na atadhani amejikojolea. Alipotoka alinivuta pembeni.

"Mwanangu, una hakika sijajikojolea?"

Nikamhakikishia. Akajipapasa tena hata hivyo.

Mashine yenyewe ilimaliza kifua na tumbo ndani ya dakika chache. Hapa nitoe sifa moja inayosahaulika: hisabati ya kuunda picha kutoka kwenye miale iliyopita pande zote ilifanyiwa kazi pia katika bara hili. Allan Cormack alianza kulifikiria tatizo hilo mwaka 1956 akiwa mwanafizikia wa muda katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mwaka 1979 akagawana Nobeli na Godfrey Hounsfield, Mwingereza aliyeijenga mashine yenyewe; mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London tarehe 1 Oktoba 1971.

Jibu la CT: madoa matatu. Moja la milimita 24 katikati ya upande wa kulia. Moja la milimita 18 juu kabisa chini ya kiwambo, pale pale niliposema sauti haifiki. La tatu milimita 14, upande wa kushoto, na daktari bingwa wa radiolojia akaandika kwamba hana uhakika nalo.

Kwenye kundi la ukoo neno "hana uhakika" lilipotea njiani kama lilivyopotea lile langu. Matatu, matatu, matatu. Mjomba akaandika Inna lillahi, akaambiwa afute, akafuta. Safari hii nilizungumza. Niliwaambia kwamba ini la mtu mzima lina mambo mengi yasiyo na madhara, vifuko vya maji na mafundo ya mishipa ya damu, na kwamba kuwa na saratani mahali pengine hakukigeuzi kila kitone kuwa saratani. Kuna utafiti wa mwaka 1999 uliofuatilia wagonjwa wa saratani waliokutwa kwenye CT na vidoa vya sentimita moja au chini. Vilivyothibitika kuwa saratani vilikuwa karibu asilimia 12 tu. Doa letu lilikuwa kubwa kidogo ya hapo, kwa hiyo sikuitumia takwimu hiyo kama ahadi. Niliitumia kununua subira ya wiki mbili.

Siku ya tatu, bado niko Dar, nilimwomba mwenzangu mmoja anitie kwenye chumba chake cha ultrasaundi. Nikiwa na picha za CT kwenye simu, nikajua pa kutafuta, nikaliona lile la milimita 24. Lilikuwa na rangi ile ile ya ini, limezungukwa na utepe mwembamba mweusi. Lilikuwa hapo hapo siku ile ya Februari. Nimeshaitazama picha niliyoihifadhi ya siku ile, na sasa utepe ninauona hata bila kuuelekezea kidole.

Daktari wa upasuaji alitaka kukata upande wote wa kulia na kuacha wa kushoto. Ini zuri linaweza kukatwa zaidi ya nusu likaota tena, ila la shangazi lina mafuta, na kama lile la kushoto nalo lilikuwa saratani, mpango wote unaanguka. Akaomba MRI yenye dawa ya ini.

Kabla ya MRI kila chuma hutoka mwilini. Pete, hereni, vibanio vya nywele. Shangazi ana hirizi, kijimrija cha fedha kwenye uzi mweusi, aliyofungwa kiunoni na mama yake akiwa bado msichana. Haijawahi kutoka, hata siku za kujifungua. Dada wa mapokezi alieleza kwa adabu, shangazi akakataa kwa adabu, wakaenda hivyo mizunguko mitatu. Mwishowe akaifungua mwenyewe, akaifunga kwenye ncha ya kanga, akanikabidhi. "Usiiweke chini." Nilikaa na ncha ya kanga mkononi dakika 45, nikisikiliza mashine ikigonga kama mafundi wa mabati wa Gerezani.

Ndani ya MRI hakuna mionzi. Kuna sumaku kubwa, na kuna maswali tofauti ambayo mashine inauliza maji ya mwilini. Swali moja ni: mnatembea kwa uhuru? Kwenye ini la kawaida molekuli za maji zina nafasi. Kwenye doa la saratani seli zimebanana, maji yamekwama katikati yake kama abiria wa daladala la Mbagala saa kumi na mbili asubuhi, na mahali hapo hung'aa hata pakiwa padogo. Swali la pili ni la ile dawa, gadoksetati. Seli za ini zenye afya zinainywa, na karibu nusu yake hutolewa na ini kwa njia ya nyongo. Unaichoma, unasubiri dakika 20, ini lote linang'aa kama limeoshwa. Saratani iliyotoka utumboni haina seli za ini. Hainywi, inabaki shimo jeusi. Nikiangalia picha ile ya dakika ya 20 huwa natamani mashine zangu zote zingekuwa na macho hayo.

Ina hila yake, lakini. Fundo la mishipa ya damu nalo halina seli za ini, nalo hubaki jeusi. Anayesoma picha hiyo peke yake anaweza kuhesabu saratani isiyokuwepo. Kinachomwokoa ni picha nyingine ya mfuatano ule ule, ambako fundo la damu huwaka jeupe kama balbu, na tabia yake ya kujaa dawa taratibu kutoka pembeni kuelekea katikati. Lile la milimita 14 upande wa kushoto liliwaka kama balbu. Hemanjioma. Pengine alikuwa nalo tangu ujana wake, halina kesi na mtu.

Tukashangilia kwa dakika moja hivi. Daktari akaendelea kusoma. Lile la 24, lile la 18, na mawili ambayo CT haikuyaona: la milimita 9 upande wa kulia, na la milimita 7 upande wa kushoto, upande ule ambao ungeachwa.

"Mangapi?" shangazi akauliza.

"Manne, mama."

"Si mlisema moja limetoka?"

Wanaopenda takwimu watataka kujua hili linatokea mara ngapi. Kundi la watafiti wa Amsterdam lilirudia hesabu mwaka 2010, kwa saratani ya utumbo mpana peke yake, likatenganisha maswali mawili ambayo watu hupenda kuyachanganya. Ukihesabu doa moja moja, CT ilinasa asilimia 74.4, MRI 80.3, PET 81.4. Ukihesabu wagonjwa, yaani je, huyu ana chochote au hana, zinapanda zote: 83.6, 88.2 na 94.1. Kwa madoa yasiyofika sentimita moja MRI iliizidi CT. Mwaka 2016 Valérie Vilgrain na wenzake wakajumlisha tafiti za MRI yenye ile dawa ya ini pamoja na ile picha ya mwendo wa maji, wakapata asilimia 95.5 kwa doa moja moja. Daktari wa upasuaji anakata doa moja moja, na hesabu yake ni hiyo ya madoa.

Kuna jaribio lingine, la 2014, lililonifanya nifikirie upya habari ya gharama. Wagonjwa waligawanywa kwa kura: wengine waanze na CT, wengine na MRI ya dawa ya ini. Walioanza na CT, karibu 39 kati ya 100 walihitaji picha nyingine kabla ya uamuzi. Walioanza na MRI ile, hakuna hata mmoja kati ya 118. Sisi tulilipia ultrasaundi, CT, MRI, nauli za watu wawili, na wiki tano.

Sasa PET. Mtu wa kwenye kundi la ukoo alisoma mahali kwamba PET ndiyo kiboko, asilimia 90, na iko Nairobi, hospitali ya Aga Khan wanayo tangu 2018. Mjomba akasema shamba la Magoma liuzwe. Alikuwa ameshapata mteja.

Nilitumia jioni nzima kwenye simu na mjomba. PET ni sukari iliyofungwa na florini ya mionzi. Saratani nyingi hula sukari kwa pupa, kwa hiyo zinawaka. Florini hiyo hupungua nusu kila baada ya dakika 110. Iliyotengenezwa saa mbili kamili asubuhi, saa nne kasoro dakika kumi imebaki nusu, ndiyo maana haisafirishwi kama dawa za kawaida na ndiyo maana mashine hizo ni chache. Lakini ini lenyewe nalo linakula sukari na kuwaka kiasi, mgonjwa anapumua, na kidoa cha milimita 7 humezwa humo. Kisukari kikiwa juu, sukari ya damu inashindana na ile ya mashine. Kemo, yaani dawa za kuua saratani, ikishaanza, madoa hupoteza hamu ya kula na kuonekana yamezimika. Uzuri wa PET ni mwili mzima: inakamata tezi la shingoni au kidoa cha mfupani ambacho hakuna aliyekiwazia. Nikamsomea mjomba jaribio la Kanada la 2014. Walichukua watu wenye madoa ya ini yaliyokuwa tayari yanafaa kukatwa, 263 wakafanyiwa PET, na mpango wa upasuaji ulibadilika kwa 21, asilimia 8. Umri wa kuishi haukutofautiana na wa wale ambao hawakufanyiwa.

"Nane kati ya mia," mjomba akasema. "Na shamba ni moja."

Shamba lipo hadi leo. Ingekuwa kipimo cha damu cha CEA, kile cha kufuatilia saratani ya utumbo, kinapanda na CT na MRI zote ziko kimya, ningemwambia auze, au angalau akodishe.

Utumbo ulikatwa kwanza, maana ulikuwa unaelekea kuziba. Kisha kemo miezi miwili. Kisha MRI tena. Mangapi? Matatu. Lile la milimita 7 la kushoto halikuonekana. Kundi zima likalipuka kwa furaha, mtu akatuma wimbo. Daktari wa upasuaji hakufurahi hata kidogo. Alitwambia kuna utafiti wa Wafaransa wa mwaka 2006, madoa 66 yaliyopotea kwenye CT baada ya kemo. 55 kati yake, asilimia 83, ama saratani ilikuwa bado hai pale pale ama ilirudi pale pale. MRI hudanganyika mara chache zaidi kuliko CT, akasema, lakini hudanganyika. Akaenda zake na ile MRI ya mwanzo, ya kabla ya kemo, kama mtu mwenye ramani. Bila picha hiyo asingejua hata kwamba kuna mahali pa kutilia shaka.

Siku ya upasuaji sikuwemo ndani, ila nilihadithiwa na nikaiona picha. Baada ya tumbo kufunguliwa, probu ndogo iliyofunikwa mfuko safi huwekwa moja kwa moja juu ya ini. Hakuna ngozi, hakuna mbavu, hakuna tabaka la mafuta la kukatiza. Ultrasaundi ile ile ninayoilalamikia, ikiwa hapo, inaona vitu ambavyo hata kidole cha daktari hakivigusi. Yale matatu yalionekana. Pale pa la nne palionekana kovu jembamba tu kando ya mshipa. Akalikata na ukingo wake. Upande wa kulia haukuondolewa wote. Vilitolewa vipande vinne, kama mtu anayetoa sehemu zilizooza kwenye embe na kuacha nyama nzuri. Maabara ilijibu baada ya wiki mbili. Kwenye lile kovu kulikuwa na seli hai.

Sasa anakuja kwangu kila baada ya miezi mitatu, na CT ya Dar kila miezi sita. Kila CT ya tumbo ni mionzi ambayo mtu angeipata kwa asili katika miaka mitatu au minne. Tunaihesabu, lakini kwa mwanamke wa miaka 63 mwenye historia hii hesabu haina ubishi.

Juma lililopita alikuja na hirizi kiunoni, akajifunua tumbo, akazuia pumzi. Jeli siku hizi naiweka kwanza kwenye beseni la maji moto. Nikaangalia kulia, kushoto, katikati ya mbavu.

"Mangapi leo?"

"Kwa mashine hii, shangazi, sijaona hata moja."

Akatoa pumzi, akachukua kitambaa kufuta jeli. "Haya. Na ile ya Dar ni tarehe ngapi?"